Acheni watoto waandike kwenye kioo

Leo siongei juu ya barabara wala bei ya makala. Ninataka tuongee juu ya dirisha la darasa.

Wiki mbili zilizopita, katika shule moja ya msingi kaskazini mwa mji wa Goma, mkutano wa komite ya wazazi uligeuka kelele. Mimi nilikuwa nimefika juu ya habari ya vyoo. Vyoo havikuongelewa hata dakika tano, sababu wazazi walikuwa na neno na mwalimu wa mwaka wa tatu. Mama huyo alipata pakiti ya kalamu nane kutoka kwa ndugu yake anayefanya biashara Kampala. Ni zile kalamu nene za kuandikia kwenye kioo, zenye rangi kali, ambazo wino wake unatoka kwa kitambaa chenye maji kidogo tu. Darasa lake lina madirisha mawili yenye vioo vizima, na huku kwetu hiyo tayari ni bahati. Akaanza kuwaita watoto watano watano, waandike na kuchora kwenye vioo.

Baba mmoja alipita na chukudu yake saa nne asubuhi, akaona watoto wamesimama dirishani wanachora. Siku ya mkutano akasimama: "Mimi nilileta mtoto asome. Kuchora kwenye dirisha hata nyumbani ninamkataza, na nyumbani kwenyewe sina dirisha." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Direkta akasema kalamu zikae kwanza kwenye kabati mpaka komite iamue.

Ninamheshimu baba yule. Anasukuma chukudu toka asubuhi mpaka jioni ili mtoto asikose masomo, na ana haki ya kuuliza mtoto anafanya nini pale. Lakini kwa maoni yangu kalamu zile zingetoka kwenye kabati leo, si kesho. Na hata mahali ambapo hakuna kalamu wala kioo, kile mama mwalimu alichoanzisha kingeingia katika kila darasa ambalo limepokea watoto waliokimbia vita.

Tuangalie kwanza darasa lenyewe lilivyo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Bure yenyewe ilianza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019, na watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani wakaingia. Ni jambo jema, sitalisema vibaya. Ila madarasa hayakuongezeka kwa kasi ile ile. Kisha vita ikaleta wengine, na mwanzoni mwa 2025 kambi za pembezoni mwa Goma zilipovunjwa, familia zikatawanyika: wamoja wakarudi vijijini, wengine wakaingia kwa ndugu, kwa marafiki, makanisani. Mtoto aliyekuwa anasoma chini ya hema anajikuta kwenye benchi la watu wanne wakati limetengenezwa kwa wawili.

Katika darasa la namna hiyo, anayeandika ni mwalimu peke yake. Chaki ni chache, kwa hiyo hamwachii mtu. Watoto wanakopya. Mwenye kaye anakopya kwenye kaye, asiye na kaye anaangalia mgongo wa mwenzake. Mtoto aliyefika katikati ya mwaka, ambaye mama yake alichagua kununua unga kuliko kaye, anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuandika hata herufi moja. Na hatamwambia mtu. Watoto wahami wanajua kunyamaza vizuri sana, wamefundishwa njiani.

Hapo ndipo kioo kinafanya kazi ambayo kaye haiwezi. Kwenye kaye kosa linabaki. Mwalimu anaweka alama nyekundu, mtoto anabeba ile alama nyumbani, wakubwa zake wanaiona. Kwenye kioo mtoto anapitisha kitambaa na kosa limekwisha, anaandika tena. Mama mwalimu aliniambia kuwa mtoto mmoja, ambaye toka afike hakuwahi kuinua mkono, alikwenda dirishani akaandika jina lake, akalifuta, akaliandika, akalifuta, mara sita. Mara ya saba akaliacha na kurudi kukaa. Hakuna mtu aliyemsahihisha. Alikuwa anaona mwenyewe kwamba herufi moja haijakaa vizuri.

Sasa nisimulie wanachofanya pale, sababu wazazi wengi waliopiga makofi hawakuwahi kuingia darasani kuona.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni mchezo wa pande mbili. Mtoto mmoja anakaa ndani, mwingine anatoka nje, wanaangaliana kupitia kioo. Wa ndani anaandika b. Wa nje anasoma d. Wanabishana. Wa nje anaambiwa aandike b yake, na sasa ni wa ndani anayesoma d. Kila mwalimu wa mwaka wa kwanza na wa pili anajua vile watoto wanachanganya herufi hizi mbili, na vile mtu anaweza kupiga kelele mwaka mzima bila matokeo. Pale kwenye kioo mtoto anaona kwa macho yake kwamba ni umbo moja lililogeuzwa, na kwamba kitu kinachotofautisha ni upande ambao tumbo limeelekea. Ni vilevile kwa p na q.

Halafu mwalimu akawaambia watafute herufi kubwa ambazo hazigeuki. Wakapata A, M, O, T, U. Wakaandika MAMA, mwenzao wa nje akasoma AMAM, darasa lote likacheka. Basi wakaanza kuwinda neno ambalo linasomwa sawasawa ndani na nje. Mtoto wa kike wa mstari wa nyuma ndiye alipata: AMA. Mimi mwenyewe nilitoka nje kuhakikisha, na ni kweli, AMA ni AMA pande zote mbili. Mniambie, wazazi, kama kutafuta herufi kwa namna ile siyo kusoma, basi kusoma ni nini?

Jambo la pili ni maneno. Katika darasa lile kuna watoto wa Masisi, wa Rutshuru, wa Nyiragongo, wengine wametoka mbali zaidi. Nyumbani wanaongea Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kishi, na wengine wana baba askari aliyewafundisha Lingala. Shuleni kuna Kiswahili, na nyuma ya Kiswahili kuna Kifaransa kinawangojea. Mwalimu alichora bidoni kubwa ya njano kwenye kioo, akauliza: ndani kuna nini? Akaandika chini yake maji. Aliyejua Lingala akaandika mai. Mwingine akaandika amazi, kwa lugha ya nyumbani kwao. Waliziweka zikafuatana, moja chini ya nyingine, kwa rangi tofauti, na mwalimu akawapa kalamu nyekundu wazungushie zile herufi zinazorudi. M, a, i ama z ama j katikati. Watoto wakaona kwamba maneno haya ni ndugu. Kisha akaandika eau, na wakakubaliana kwamba huyu ni mgeni, tutamjifunza peke yake.

Ninajua kuna watu huku kwetu ambao wakisikia lugha fulani tu wanakunja uso. Hata watoto wameanza kuiga. Kwa hiyo mtoto kuandika neno la mama yake kwa rangi ya bluu, wenzake wakaliangalia wakatafuta herufi badala ya kucheka, mimi sioni kama ni jambo dogo. Na mwalimu hajavunja sheria yoyote. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mahali katika kufundisha. Wengi wetu tumesahau kwamba iko.

Kuna mengine nitayapitia haraka. Dirisha lenye vipande sita ni hesabu tayari: watoto wakipaka rangi vipande viwili, wamepaka mbili ya sita, na mtu akiangalia vizuri ni moja ya tatu. Siku ya jua, mwalimu anachora nukta nene kwenye kioo, kivuli cha ile nukta kinaanguka sakafuni, mtoto anakizungushia chaki, na baada ya saa moja kivuli kimetoka nje ya mduara. Hakuna mtu aliyesogeza kioo. Hapo somo la dunia kuzunguka linaanza lenyewe. Na asubuhi ambapo mawingu yamefunguka, mtoto anafunga jicho moja, anatuliza kichwa, anafuata kwa kalamu mstari wa mlima Nyiragongo jinsi unavyoonekana kwenye kioo. Akisogeza kichwa kidogo tu, mlima unatoka kwenye mstari. Walipigana kwa zamu ile.

Haya. Najua kuna walimu wanasoma hapa na wanasema moyoni: ndugu yetu wa redio, unaongea juu ya vioo, sisi vioo tunavitoa wapi?

Mna haki. Shule nyingi zetu zina matundu ya matofali badala ya dirisha, ama mbao, ama uwazi mtupu. Vioo vingine vilipasuka kwa milio ya mabomu, na kabla ya hapo mitetemeko iliyofuata mlipuko wa volkano wa mwezi wa tano 2021 ilikuwa imepasua kuta za nyumba nyingi mjini. Pia kalamu zile si bei ya mtu anayelala chini ya bashi. Ningekuwa ninatetea kalamu peke yake, ningekuwa ninatetea watoto wa shule tatu ama nne za matajiri, na hao hawanihitaji.

Lakini kinachofundisha si kalamu. Ni mtoto kupewa mahali pa kuandika yeye mwenyewe, padogo ama pakubwa, panapofutika. Na mahali hapo tunaweza kupapata kwa vitu vilivyo nyumbani.

Mahali palipo na kioo lakini hakuna kalamu, chukueni kipande cha sabuni ya kufulia kilichokauka, kile kilichobaki chembamba. Fundi wa nguo anakijua vizuri, ndicho anachochorea kitambaa kabla ya kukata. Kinaandika kwenye kioo mstari mweupe unaoonekana, na kitambaa kibichi kinauondoa, kioo kikabaki kisafi kuliko mwanzo. Chaki kavu inateleza kwenye kioo. Lakini mabaki ya chaki yaliyopondwa, yakachanganywa na maji kidogo na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, yanakuwa rangi nzito ya kupaka kwa kidole ama kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Ikikauka inaonekana vizuri. Inafutika. Vile vipande vya chaki vinavyotupwa kila jioni kwenye madarasa yetu vingetosha.

Mahali pasipo na kioo kabisa, kuna karatasi za plastiki angavu, zile mifuko ya kuwekea barua na vitambulisho. Familia nyingi zilizokimbia zinayo moja, ndimo karata ya uchaguzi na karatasi za kuzaliwa za watoto zinamokaa mvua isiziharibu. Ukitia ndani yake karatasi nyeupe iliyochorwa mistari, una kibao cha mkononi. Mtoto anaandika juu ya plastiki kwa kalamu ya maji, anafuta, anaandika. Karatasi ya ndani haichakai. Mfuko mmoja kwa watoto wawili unatosha.

Na kuna bashi. Kipande cheupe kilichobaki baada ya kujenga, kikivutwa vizuri na kupigiliwa kwenye mbao mbili, ni ukuta wa kuandikia. Hapo sabuni haionekani, nyeupe juu ya nyeupe. Tumieni unga wa makala laini, maji, tone la sabuni. Jaribuni kwanza kwenye kona, sababu kwenye mikunjo weusi unabaki kidogo. Wala msitoboe bashi la paa kwa ajili ya somo. Mvua ya huku haisamehi.

Wazee watakumbuka pia ubao uliopakwa weusi wa makala na uji wa muhogo. Bado unafanya kazi. Ila neno moja: kuna mahali watu wanapasua mawe ya redio yaliyokufa ili kutoa ule unga mweusi wa ndani wapake ubao. Ubao unakuwa mzuri, ni kweli. Lakini unga ule si kitu cha mtoto kushika, na mimi nimeona watoto ndio wanaotumwa kuyapasua. Makala yanatosha.

Kwa wale watakaopata kalamu zenyewe, ushauri wa mama mwalimu ni huu. Hakikisheni ni za wino wa maji. Kuna kalamu zinazofanana nazo sana ambazo wino wake hautoki mpaka kwa pombe kali, na kwenye ukuta uliopakwa rangi hautoki kamwe. Andikeni alama ndogo kwenye kona, ngojeni ikauke, futeni, ndipo muwape watoto. Pangusa vumbi kwanza, vumbi letu la lava linaua ncha. Futeni siku ile ile, sababu wino ukipigwa jua siku nyingi unashikamana. Kifuniko kirudi kila mara. Kioo chenye ufa kisiguswe na mtoto, hata kama ufa ni mdogo. Na kuhusu maji, wale wanaokaa mitaa ya juu ambako bidoni inanunuliwa wasiogope: nusu kikombe kinaloanisha kitambaa cha darasa lote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike badala ya kulisema tu kwenye antena.

Ukimpa mtoto mahami rangi na mahali pa kuchora, hatachora maua kila siku. Katika darasa lile, mtoto wa kiume wa miaka kama tisa alichora nyumba. Akachora mlango, akaufuta kwa kiwiko. Akauchora upande mwingine, akaufuta tena. Alifanya vile mara nyingi, saa ya zamu yake ikaisha, nyumba ikabaki bila mlango. Mama mwalimu alikuwa amesimama karibu. Hakuuliza kitu. Alimpa kitambaa, mtoto akafuta nyumba yote, akaenda kukaa. Mwalimu aliniambia: "Akitaka kunieleza atanieleza. Mimi kazi yangu ni kitambaa kiwe kibichi."

Ninaona mwalimu huyu ana akili kuliko wengi wetu tunaotembea na vifaa vya kurekodi na kamera. Tunajua vile inavyokwenda. Gari linafika, wageni wanashuka, mtoto anaambiwa achore "kile alichoona", picha inapigwa, gari linaondoka. Mchoro unakwenda mbali, mtoto anabaki na kile alichokumbushwa. Kama kuna faida moja ya wino unaofutika ambayo ningeomba kila direkta aiandike kwenye sheria za shule yake, ni hii: aliyechora ndiye anayefuta, na anafuta wakati anaotaka. Hakuna kumwambia aache ili wageni waone. Hakuna picha ya mchoro wa mtoto bila mtoto na mzazi wake kukubali, na mwandishi wa habari awe wa kwanza kuheshimu hilo. Na mwalimu asigeuke daktari. Asiulize "huyu aliyelala chini ni nani?" mbele ya watoto sitini. Akiona mtoto anachora kitu kile kile siku baada ya siku, hali, halali, hachezi, basi aongee na mzazi pembeni, watafute mtu aliyesomea kazi hiyo.

Tena kioo kina kitu ambacho kaye haina: kinaangalia nje. Mtu anayepita njiani anasoma. Nyinyi mnaokaa huku mnajua kwamba katika mji wetu bendera, jina, ama mtu mwenye bunduki aliyechorwa na mtoto wa miaka minane anaweza kusomwa na mkubwa kwa namna nyingine kabisa, na atakayejibu ni mwalimu. Siandiki zaidi. Ninasema tu: tumieni vipande vya chini ama dirisha linaloangalia uwanja wa ndani, na kabla kengele ya mwisho haijalia kioo kiwe kimefutwa. Mama mwalimu alilifikiria hilo kabla yangu. Zamu ya mwisho ya kila siku ni zamu ya vitambaa, na watoto wanaigombania sawasawa na ile ya mlima.

Wazazi walikuwa na maswali mengine ambayo si ya kudharau. La kwanza ni mtihani. Mwaka wa sita una mtihani wa serikali, na kwenye mtihani hakuna dirisha. Ni kweli. Lakini mtihani unamtaka mtoto aandike kitu kutoka kichwani mwake, na mtoto ambaye kwa miaka sita amekopya tu ubao hajawahi kufanya hivyo hata siku moja. Dirisha ni mahali pa kuanzia. Kutoka pale anakwenda kwenye kaye akiwa ameshajaribu neno lake mara tatu. Kaye moja inakaa muda mrefu zaidi, na hilo wazazi walielewa haraka kuliko maelezo yangu yote.

La pili ni wingi wa watoto. Huwezi kuwapeleka watoto sabini dirishani. Mama mwalimu hajaribu. Watano wanaenda, waliobaki wanafanya zoezi lile lile kwenye kaye, kwenye vibao, wengine kwa kidole juu ya benchi. Dakika kumi, zamu inabadilika. Kwa siku zamu tatu ama nne, kwa wiki kila mtoto amefika angalau mara moja. Orodha iko ukutani, na katika orodha ile watoto waliofika mwaka huu wamechanganywa na wenyeji, hawakuwekwa kundi lao. Hilo direkta mwenyewe alilisifu, hata kama kalamu alizifungia.

La tatu lilitoka kwa mama mmoja wa nyuma, ambaye hakusimama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba binti yake anarudi nyumbani akiomba kuandika, na pale wanapokaa, kwa watu, hawezi kumwacha aandike kwenye kitu cha wenyewe. Hakuna aliyemjibu, sababu kelele za baba wa chukudu zilikuwa bado hazijatulia. Mimi ningemjibu hivi: mama yangu, chukua mfuko wako wa vitambulisho, tia karatasi nyeupe, na umwombe mwalimu unga kidogo wa chaki.

Kwa mashirika yanayoleta mifuko ya shule, tunashukuru. Ila ndani ya mfuko kuna kaye, biki, penseli, rula, na mtoto akimaliza kaye hadithi imeisha. Kibao kidogo kinachofutika kingeishi miaka miwili. Mkipanga orodha ya mwaka ujao, waulizeni walimu kabla ya kununua. Na mnapotengeneza shule zilizoharibika, msiweke mbao kila mahali kwa sababu ni rahisi. Wekeni hata dirisha moja la kioo kwa kila darasa, chini kiasi mtoto wa mwaka wa kwanza afikie.

Komite za wazazi hazina pesa, ninajua. Zinaweza kuamua kitu kimoja kisicho na bei: kila Jumatatu mtoto anayeweza alete kipande cha sabuni kilichobaki, kile ambacho mama anakitupa ama anakibandika juu ya kipya. Kikaushwe juani siku mbili kabla ya kutumika, sababu kikiwa kibichi kinapaka na hakiandiki.